Sitara ya Nani? Uso wa Msemaji na Jina la Mlengwa kutoka Uwanja wa Kumuse hadi Mtandaoni

1.0 Utangulizi

Lwakhakha ni mji wa mpakani katika Kaunti ya Bungoma. Mto wenye jina hilo hilo ndio utenganishao Kenya na Uganda, na ng'ambo yake ipo Lwakhakha nyingine, katika Wilaya ya Namisindwa. Wabukusu wa upande huu na Wamasaba wa upande ule husikilizana lugha, hutahiri wavulana katika miaka shufwa, na huhudhuriana matangani. Mgeni avukapo daraja huulizwa kitambulisho. Neno lipitalo katika simu ya mkononi halisimamishwi na askari yeyote. Huvuka bila jina na bila ukoo.

Makala haya yanachunguza neno la namna hiyo, hasa lile linalorushwa na watu wengi kwa wakati mmoja dhidi ya mtu mmoja, ilhali warushaji wamejificha nyuma ya majina ya kubuni. Nchini Kenya jambo hili limeshughulikiwa zaidi na wanasheria na wanahabari. Wahakiki wa fasihi wamelipa nafasi ndogo, kana kwamba tusi la mtandaoni si usemi wenye fani, fanani na hadhira. Ukimya huo una hasara, kwa kuwa fasihi za Afrika Mashariki zina tajiriba ndefu ya kumsema mtu hadharani, na tajiriba hiyo inaweza kutoa vigezo ambavyo sheria peke yake haina.

Dai kuu ni hili. Katika tanzu nyingi za jadi za kusemana, sitara humkinga anayesemwa, naye msemaji huonekana. Katika umati wa mtandaoni mpangilio huo umepinduliwa: anayesemwa hutajwa kwa jina, kwa picha na kwa mahali anapofanyia kazi, naye msemaji ndiye aliyesitiriwa. Hivyo basi, swali la mhakiki si kama kujificha ni kwema au ni kubaya, bali ni sitara ya nani, na dhidi ya nani.

2.0 Kiunzi cha Uchambuzi

Mulokozi (1989), katika makala yake kuhusu tanzu za fasihi simulizi yaliyotokea katika jarida la Mulika, alisisitiza kwamba fasihi simulizi ni tukio, na kwamba tukio hilo hufungamanishwa na muktadha wa fanani, hadhira, fani inayotendwa, mahali na wakati. Fungamano hilo likivunjwa, kinachobaki ni maneno tu. Naye Ong (1982) alieleza kwamba vyombo vya elektroniki vilizaa usimulizi wa pili, ambao unafanana na ule wa kwanza kwa kuwakusanya watu, lakini unategemea maandishi na mitambo.

Mawazo haya mawili yakiunganishwa, yanatoa maswali manne ya kuuliza kuhusu usemi wowote wa hadharani wenye kukosoa au kudhalilisha. Kwanza, ni nani asemaye, na nani anamjua? Pili, uwanja wake una mipaka gani? Tatu, anayesemwa anaweza kujibu pale pale? Nne, tukio hilo huisha lini? Sehemu zinazofuata zinayapitisha maswali hayo katika tanzu mbalimbali, kuanzia Bungoma.

3.0 Kumuse: Jina Kabla ya Neno

Khuswala kumuse ni hotuba ya matanga ambayo Wabukusu humfanyia mzee wa heshima baada ya maziko. Msemaji wake, omuswala kumuse, hatoki popote tu: kazi hii hurithiwa katika koo maalumu. Hushika fimbo, akatembea huku na huko katika nafasi iliyoachwa wazi katikati ya watu, nao waombolezaji huketi kimya. Hutaja nasaba, hueleza safari za koo, huonya vijana, hukemea wenye mamlaka, na hutabiri. John Manguliechi alivuma kwa kazi hii hata nje ya mipaka ya Bungoma.

Linalohusu mjadala huu ni kwamba omuswala kumuse ana uhuru mkubwa wa kusema. Anaweza kumgusa chifu, mbunge, au mwana wa marehemu aliyemtelekeza baba yake. Hata hivyo, uhuru huo umelipiwa kabla haujatumiwa. Kila aliyeketi pale anamjua ni wa ukoo gani, rika gani na kijiji gani. Akidanganya, uongo huo utamrudia yeye na ukoo wake. Mamlaka ya maneno yake hutokana na kule kuonekana kwake. Ndiyo maana husimama peke yake, mbali na kundi, mahali ambapo macho yote yanamfikia.

Maswali manne yanajibika kwa urahisi. Msemaji anajulikana na wote. Uwanja una mipaka, nao mguso wa neno hauvuki mipaka hiyo ila kwa kusimuliwa na walioshuhudia. Anayeguswa yupo, au jamaa zake wapo. Na tukio lina mwisho: fimbo huwekwa chini, watu wakaenda zao. Pamoja na hayo, hata kumuse imeanza kupoteza fungamano lake. Hotuba zilizorekodiwa katika kanda, na baadaye katika video, husikika na watu wasiomjua marehemu wala kijiji chake. Kipande cha dakika moja chenye karipio kikikatwa na kutumwa peke yake, karipio hugeuka kejeli, kwa sababu nasaba iliyotajwa kabla yake na faraja iliyotajwa baadaye vimeachwa nyuma.

4.0 Nyimbo za Tohara: Umati Wenye Mwisho

Inaweza kudaiwa kwamba mfano wa kumuse unapendelea msemaji mmoja, ilhali tatizo la mtandaoni ni la wengi. Dai hilo lina uzito, na jibu lake liko papo hapo Lwakhakha. Mwezi wa Agosti katika mwaka wa shufwa, mvulana anayejiandaa kutahiriwa huzunguka kwa jamaa zake akipiga njuga, huku akifuatwa na kundi linaloimba. Nyimbo hizo humdhihaki mwoga, hutaja yasiyotajwa siku za kawaida, na hazina mtunzi anayeweza kukamatwa. Alfajiri ya siku yenyewe, mvulana hupakwa tope mtoni na kurudishwa nyumbani kwa wimbo wa sioyaye, ambao unamtisha na kumpa moyo kwa pamoja.

Hapa yapo mambo matatu ambayo kwa juu yanafanana na umati wa mtandaoni: sauti ni za wengi, mtunzi hajulikani, na mlengwa ni mmoja tena yu wazi. Kwa nini basi tukio hili halimvunji mlengwa? Jibu la kwanza ni kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyeliomba. Alizunguka na njuga kuwaita. Jibu la pili ni kwamba wanaomdhihaki ni watu wake, na kesho atakula nao. Jibu la tatu, ambalo ndilo zito zaidi, ni kwamba dhihaka ina saa ya kukoma. Kisu kikishapita, nyimbo hubadilika, mvulana hupewa zawadi, naye huingia katika mojawapo ya marika manane ya Wabukusu, kama vile Kolongolo, Maina au Nyange. Umati uliomtisha ndio unaompa jina.

Umati wa mtandaoni hauna kisu kinachopita. Shutuma ya leo inaweza kuibuliwa baada ya miaka mitano na watu ambao hawakuwapo mwanzoni. Anayeshutumiwa hana tendo analoweza kulitenda ili nyimbo zibadilike: akijibu huambiwa ana kiburi, akinyamaza huambiwa amekiri. Kwa lugha ya fasihi, hili ni tendo lenye upeo lakini lisilo na mshuko.

5.0 Fumbo, Kanga na Lakabu

Katika fasihi ya Kiswahili ya pwani, mbinu kuu ya kusemana ni fumbo. Jina la kanga halimtaji yeyote, lakini mwanamke anayelivaa na kupita mlangoni kwa jirani hueleweka. Anayesemwa amebakiziwa njia ya kujitia hamnazo, na heshima yake mbele ya wasiojua kisa haikuguswa. Katika taarabu, mipasho hufuata kanuni hiyo hiyo. Mtunzi hatamki jina la hasimu, lakini mwenye kuutumia wimbo ule huinuka kitini na kwenda mbele kumtunza mwimbaji, na ukumbi mzima humwona. Sitara ni ya mlengwa. Uso ni wa mshambuliaji.

Mashairi ya kimondo yaliyosambazwa Lamu kwa kanda za kaseti wakati wa kampeni za uchaguzi katika miaka ya 1970 yanaonyesha kanuni hii ikianza kulegea. Kanda ilitoka nyumba hadi nyumba bila mtunzi kuwapo, na makali ya maneno yaliongezeka. Hata hivyo, mji ni mdogo, lahaja ni moja, na sauti ya mtu ni kama uso wake. Aliyesikiliza aliweza kukisia. Isitoshe, shairi lilijibiwa kwa shairi. Aliyetaka kushambulia alilazimika kwanza kupatanisha vina na mizani, na kazi hiyo humpa mtu muda wa kupoa.

Lakabu za washairi wa magazeti nazo zisichanganywe na majina ya kujificha ya mtandaoni. K.H.A. Akilimali alijulikana kwa lakabu ya Snow-White, naye Amiri Andanenga kwa Sauti ya Kiza. Lakabu hizo zilibebwa kwa miaka mingi, zikajenga sifa ambayo mwenyewe aliiogopea. Aliyelumbana na mshairi gazetini alijua kwamba toleo lijalo litamjibu, na kwamba kati yao yupo mhariri mwenye kalamu nyekundu. Lakabu ni jina la pili. Jina la mtandaoni linalofunguliwa asubuhi kwa ajili ya shambulio na kufutwa jioni si jina la pili. Ni kukosa jina kabisa. Wahenga walisema kwamba aliye kando haangukiwi na mti, na akaunti ya namna hiyo ni njia ya kukata mti ukiwa kando.

6.0 Vikaratasi na Ujumbe wa Simu

Mgeuko wa sitara haukuanza na intaneti. Mtangulizi wake wa karibu katika historia ya Kenya ni kikaratasi kisicho na sahihi. Wakati wa mapigano ya kikabila ya miaka ya 1990, ambayo yaliwafukuza watu makwao katika maeneo ya Trans Nzoia na Bungoma pia, na ambayo baadaye yalichunguzwa na Tume ya Jaji Akiwumi iliyotoa ripoti yake mwaka 1999, vikaratasi vya kuwataka watu wahame vilikuwa sehemu ya vitisho nchini. Kihakiki, kikaratasi ni matini yenye mlengwa dhahiri na fanani asiyekuwapo. Anayekiokota hawezi kukijibu, kwa sababu hajui amwelekee nani. Tena hulazimika kumshuku kila jirani, hata yule asiye na hatia. Madhara yake ya kwanza, kabla ya moto wowote kuwashwa, ni kwamba huifanya jamii nzima kuwa mtuhumiwa.

Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, kazi ya kikaratasi ilichukuliwa na ujumbe mfupi wa simu. Jumbe za chuki zilitumwa kwa maelfu, na kila aliyezituma mbele aliweza kusema kwamba si yeye aliyeziandika. Serikali ilifikiria kuzima huduma hiyo. Badala yake jumbe za amani zilisambazwa. Mwaka 2008 ilitungwa Sheria ya Utangamano na Uwiano wa Kitaifa, na mwishoni mwa mwaka 2012 ikaamriwa kwamba laini za simu zisizosajiliwa zizimwe. Mwaka 2018 ikaja Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni, ambayo kifungu chake cha 27 kilitaja unyanyasaji wa mtandaoni na, kama kilivyotungwa, kikaweka adhabu ya faini isiyozidi shilingi milioni 20 au kifungo kisichozidi miaka 10.

Hatua hizo zina jambo moja linalostahili kuangaliwa na mhakiki. Zote zinadhani kwamba tatizo ni kukosekana kwa jina, na kwamba jina likipatikana tatizo limekwisha. Lakini kusajili laini ni kulipeleka jina kwa dola, si kwa uwanja. Anayetukanwa bado hamjui anayemtukana. Anayemjua ni afisa aliye ofisini. Kumuse inafundisha kinyume chake: jina hutakiwa lijulikane na walioketi kuzunguka, kwa sababu hao ndio watakaoishi na msemaji baada ya maneno.

7.0 Shutuma katika Riwaya: Kusadikika na Kidagaa Kimemwozea

Riwaya mbili zinaweza kuuangaza mgeuko huu. Ya kwanza ni Kusadikika ya Shaaban Robert (1951). Nchi ya Kusadikika iko angani, na mipaka yake ni pepo. Msomaji wa leo hawezi kuisoma jazanda hiyo bila kuukumbuka mtandao: nchi isiyo na ardhi ambayo hata hivyo ina raia, washtaki na wafungwa. Lakini tofauti ni kubwa. Karama anashtakiwa na mtu mwenye jina, Majivuno, mbele ya mfalme. Anasomewa shtaka, anapewa siku sita za kujitetea, naye anazitumia kusimulia visa vya wajumbe sita waliofungwa kabla yake. Dhuluma ya Kusadikika ni kubwa, lakini ni dhuluma yenye baraza. Simulizi inapewa muda, na muda huo ndio unaowaokoa Karama na wafungwa wengine. Umati wa mtandaoni umeichukua nchi ya angani na kuliacha baraza.

Ya pili ni Kidagaa Kimemwozea (2012) ya Ken Walibora, mwandishi aliyelelewa Cherangany katika Trans Nzoia na kufariki Aprili 2020. Amani na Imani wanamlea mtoto mchanga aliyeachwa mlangoni. Mtoto anapofariki wao ndio wanaokamatwa, ilhali Mtemi Nasaba Bora, ambaye ndiye baba asiyetajwa, anaendelea kuheshimiwa. Vilevile mswada wa Amani unachapishwa kwa jina la Mwalimu Majisifu. Kwa visa hivi viwili Walibora anaonyesha kwamba jina ni mali inayogawanywa bila haki: dhaifu hubandikwa jina la kosa asilolitenda na kunyang'anywa jina la kazi aliyoitenda, naye mwenye nguvu hujificha nyuma ya cheo. Riwaya hii haizungumzii mtandao. Hata hivyo, inatoa onyo dhidi ya mhakiki anayedhani kwamba kujificha ni hila ya wanyonge tu. Mtemi hahitaji jina la kubuni. Cheo chake ni kichaka cha kutosha.

8.0 Pingamizi: Jina Likifika Mikononi mwa Dola

Hoja zilizotangulia zaweza kumfikisha msomaji kwenye hitimisho la haraka kwamba kila msemaji alazimishwe kujitambulisha. Historia ya Kenya inalikataa hitimisho hilo. Kijitabu Kenya: Twendapi? cha mwaka 1968 kilisambazwa kwa siri. Jina la Abdilatif Abdalla lilipofungamanishwa nacho alifungwa miaka mitatu, na mashairi aliyoyatunga gerezani yakatolewa mwaka 1973 kwa jina la Sauti ya Dhiki. Gazeti la Pambana la mwaka 1982 halikuwa na majina ya waandishi, na sababu ilieleweka na kila mtu.

Jambo hili halikukoma na enzi hiyo. Tarehe 7 Juni 2025 Albert Ojwang, mwalimu na mwanablogu, alikamatwa Homa Bay kwa tuhuma za kuchapisha mtandaoni habari kumhusu Naibu Inspekta Jenerali wa Polisi, akapelekwa Nairobi, na kufikia siku iliyofuata alikuwa amekufa akiwa mikononi mwa polisi katika Kituo Kikuu. Maelezo ya awali kwamba alijigonga kichwa ukutani hayakuafikiana na majeraha yaliyoonekana katika uchunguzi wa maiti. Baada ya kisa hiki, anayemwambia kijana wa Lwakhakha aandike kwa jina lake kamili anapaswa kueleza ni nani atakayemlinda.

Je, pingamizi hili linaliangusha dai la makala haya? La. Linalikamilisha. Sitara ya Pambana ilimkinga mmoja au wachache dhidi ya dola. Sitara ya umati inawakinga wengi dhidi ya mmoja. Kwa nje vyombo ni vile vile, lakini mwelekeo wa nguvu ni kinyume. Kigezo cha jina hakina budi kusomwa pamoja na kigezo cha nguvu.

Ugumu unazidi pale wenye nguvu wanapojivika sura ya umati. Utafiti wa Odanga Madung na Brian Obilo, uliotolewa na Wakfu wa Mozilla mwaka 2021, ulionyesha kwamba watu walilipwa nchini Kenya kuendesha mashambulizi ya pamoja katika Twitter dhidi ya majaji na wanaharakati waliopinga mpango wa kubadilisha katiba ulioitwa BBI. Huu ni umati wa kukodiwa. Katika taarabu, anayelipia mpasho huenda mbele na fedha mkononi. Hapa mlipaji amekaa gizani mara mbili, nyuma ya jina la kubuni la mtu ambaye si yeye. Nao wanawake wanaogombea vyeo au kuandika habari za siasa wanajua kwamba silaha inayotumiwa dhidi yao aghalabu si hoja, bali ni mwili wao, ndoa yao na watoto wao, yaani yale yale ambayo fumbo liliwekwa kuyasitiri.

9.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba tanzu za jadi za Bungoma na za pwani hazikuwa na upole. Kumuse hukemea, nyimbo za tohara hudhihaki, mipasho hukata, kimondo huunguza. Kilichozizuia zisimwangamize mtu ni mpangilio wa tukio: msemaji anayeonekana au umati unaojulikana, uwanja wenye mipaka, nafasi ya kujibu, na mwisho unaokubaliwa na wote. Usemi wa umati mtandaoni umerithi makali ya tanzu hizo bila kurithi mpangilio wake.

Kwa mhakiki, matokeo ya uchambuzi huu ni mawili. La kwanza ni la kinadharia: kipengele cha mwisho wa tukio kinastahili kupewa uzito sawa na fanani na hadhira katika nadharia ya utendaji, kwani ndicho kinachotenganisha dhihaka ya jandoni na mateso. La pili ni la kimaadili. Sheria inayotaka majina yote yafike mezani kwa afisa, na uhuru unaotaka majina yote yafichwe, vyote viwili vinaliruka swali la sitara ya nani. Matangani Lwakhakha swali hilo halihitaji kuulizwa kwa sauti. Mwenye fimbo amesimama peke yake, anaonekana na wote, na kabla hajamtaja mtu yeyote ameshataja ukoo wake mwenyewe.